Jina Lililoandikwa Juu ya Koli

Mzigo unaotoka Kasongo kwenda Kabambare ni nadra kupita posta. Hukabidhiwa mwendesha pikipiki, dereva wa lori au msukuma baiskeli anayejulikana mtaani, juu yake pameandikwa kwa kalamu jina la mpokeaji na namba ya simu. Mbebaji haulizi sana kilichomo. Anachotaka kujua ni nani ataupokea. Hiyo ndiyo posta ya kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na inakwenda kwa sababu watu wanaaminiana. Kwa imani hiyohiyo, mtu ambaye hajawahi hata kuvuta bangi anaweza kujikuta ameketi mbele ya OPJ, afisa wa upelelezi, akiulizwa habari za koli, yaani kifurushi, asiyoifunga yeye.

Katazo la bangi lenyewe ni kongwe. Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold ilipiga marufuku bangi ya kuvuta mwaka 1903, miaka mitano kabla Ubelgiji haijaichukua nchi. Baadaye ukaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, ambao Kongo imeuridhia. Kifungu chake cha 36 kinataja kutuma, kupitisha na kusafirisha kandokando ya kuuza. Maana yake ni kwamba hoja ya “mimi sikuuza, nilimtumia tu ndugu yangu” haimwokoi mtu. Kifungu cha 31 kinakwenda mbali zaidi: hata shehena yenye kibali cha serikali hairuhusiwi kupelekwa kwenye sanduku la posta, kwa kuwa lazima ajulikane mtu anayeipokea.

Desemba 2020, kamisheni ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya ilipiga kura, 27 dhidi ya 25, kuiondoa bangi katika orodha ya dawa zinazobanwa zaidi. Asiyesoma mpaka mwisho angedhani njia imefunguka. Bangi ilibaki katika orodha ya kwanza ya mkataba, na mlango wa posta haukufunguliwa.

Sasa tuwatazame watu watatu wa koli moja: aliyeifunga, aliyeibeba, aliyeandikwa jina. Kanuni ya adhabu ya Kongo inawapanga kwa kipimo cha msaada. Kwa kifungu cha 21, mtu ambaye bila msaada wake kosa lisingewezekana anahesabiwa kuwa mtenda kosa kamili. Aliyesaidia kidogo ni mshiriki tu, na kifungu cha 23 kinasema adhabu yake haitazidi nusu ya ile ambayo angepewa kama angekuwa mtendaji. Mwendesha pikipiki aliyejua anachobeba yuko karibu na kundi la kwanza, kwa maana bila yeye koli isingetoka Kasongo. Asiyejua hayumo katika kundi lolote.

Lakini kutojua kunathibitishwaje? Hapa ndipo mbebaji wa Maniema anapobaki uchi. Posta ina fomu, mhuri na risiti. Yeye ana kumbukumbu ya kichwani na namba ya simu ambayo huenda haipatikani tena. Daftari la kawaida la shule, lenye tarehe, jina la mtumaji, sahihi yake na maelezo ya kilichomo, lingempa kitu cha kumwonyesha hakimu. Inasikitisha kwamba kinga ndogo kama hiyo haijawa desturi katika njia ya Salamabila, ambako dhahabu huvuta watu na mizigo kila siku.

Katiba ya 2006 nayo ina maneno ambayo kila mbebaji angepaswa kuyajua. Kifungu cha 17 kinasema hakuna anayeshtakiwa wala kukamatwa kwa tendo la mwingine. Kifungu cha 18 kinataka mtu aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Zikipita saa 48, aachiwe au akabidhiwe mamlaka husika ya kimahakama. Kifungu cha 31 kinalinda siri ya mawasiliano, isipokuwa pale sheria inaporuhusu.

Koli ikivuka mpaka, inaingia mikononi mwa sheria nyingine. Kabambare inapakana na mikoa ya Kivu ya Kusini na Tanganyika, na ng’ambo ya Ziwa Tanganyika ni Tanzania, ambako sheria ya 2015 inaweza kumfunga maisha msafirishaji wa dawa za kulevya.

Mtego ulio mgumu zaidi kuonekana uko Marekani, ambako Wakongo wengi wa mashariki wamepokelewa kama wakimbizi. Katika jimbo la Illinois mtu mzima ananunua bangi dukani tangu Januari 2020. Posta, hata hivyo, ni ya serikali ya shirikisho, na sheria yake inakataza kuituma, hata kutoka jimbo lililoruhusu kwenda jimbo lingine lililoruhusu. Kwa asiye raia, hatari ni mara mbili: kuhukumiwa kwa kosa la bangi kunaweza kumfanya afukuzwe nchini. Sheria ya uhamiaji inasamehe kosa moja tu, la kukutwa na gramu 30 au pungufu kwa matumizi yake mwenyewe, na kumtumia mwingine koli hakuingii katika msamaha huo. Aliyekwisha kuapa uraia atajibu kesi na kubaki. Ndugu yake mwenye kadi ya kijani, kwa koli hiyohiyo, anaweza kupandishwa ndege.