Gari Kuukuu Hukaguliwa Kuanzia Chini

Mnunuzi wa gari kuukuu lililokaa miaka mingi bila kuendeshwa huuliza kwanza kama injini inawaka, na swali hilo, ingawa lina nafasi yake, hutangulia mahali pasipo pake. Katika ukanda wa Malindi na Kilifi swali la kwanza linapaswa kuwa gari lililala wapi: ufuoni, ambako pepo za kusi hurusha unyunyizi wa chumvi hadi kwenye baraza za nyumba, au bara kidogo, kama Kakuyuni, kwenye barabara itokayo Malindi kuelekea Jilore na lango la Sala la Mbuga ya Tsavo Mashariki. Kilomita chache za kuipa bahari kisogo huweza kuwa na uzito kuliko miaka kumi ya umri wa gari.

Aina ya gari nayo ina uzito wake. Wamarekani huyaita “magari ya misuli” yale magari ya milango miwili, ya ukubwa wa wastani, yaliyofungwa injini kubwa ya silinda nane, na Pontiac GTO ya 1964 huhesabiwa na wengi kuwa ndiyo iliyofungua njia. Kenya magari hayo ni nadra, kwa kuwa usukani wake uko kushoto na sheria hairuhusu gari la namna hiyo kusajiliwa isipokuwa kwa kazi maalumu, huku kanuni inayozuia kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane ikiufunga mlango uliobaki. Kwa hiyo mapenzi ya magari ya kale yameyaangukia yale yaliyokwisha kuwamo nchini, yaani Land Rover, Peugeot 404 na 504, Datsun na wenzao, ambayo mengi yalijipatia sifa katika Safari Rally iliyoanza 1953. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo PV544 ambayo, kwa faraja ya kila mpenda vya zamani, ilikuwa gari lililokwisha kutumika.

Adui wa magari hayo ni kutu, ambayo si uchafu unaokaa juu ya chuma, bali ni chuma chenyewe kilichoungana na hewa na maji, na kwa kuwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huisukuma rangi kutoka chini hadi ikafura mithili ya malengelenge. Chumvi huongeza kasi ya kazi hiyo kwa sababu hushika unyevu na kuyawezesha maji kupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Hapo ndipo tofauti ya miundo inapojitokeza. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, ilivalishwa bodi ya aloi ya alumini kwa kuwa Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na bodi hiyo ikakalishwa juu ya fremu ya chuma iliyo kitu cha peke yake. Peugeot 504 aina ya saluni haina fremu ya namna hiyo, bali sakafu, kingo za chini ya milango na paa hushikana na kuwa ndizo zinazobeba uzito wote, kiasi kwamba tundu la kutu kwenye kingo hizo si dosari ya sura bali ni mfupa uliovunjika. Alumini nayo haina kinga kamili, kwani inapogusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na dalili yake ni unga mweupe unaoonekana kuzunguka ribiti.

Fremu ya Land Rover za zamani imetengenezwa kwa mabamba manne yaliyochomelewa yakafanya mfano wa bomba la mraba, na matope huingia kupitia vitundu vyake, yakatuama ndani na kuila kutoka upande usioonekana. Anayeikagua hugonga sehemu ya chini kwa nyundo ndogo, akianzia boriti ya nyuma: chuma kizima hulia kama kengele, ilhali kilichooza hutoa mlio mfu na vipande vyekundu humwagika mchangani, na bisibisi ikisukumwa hapo huzama. Baadaye hukagua ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha dereva, hasa miguu yake, kwa kuwa gari lililoegeshwa chini ya mwembe au mkorosho hujaa majani yanayooza karibu na kioo cha mbele na kushika maji hata masika ikiisha. Sumaku iliyofungwa kwa kitambaa hufichua mahali palipojazwa fila, lile rojo la kuzibia mashimo kabla ya kupaka rangi, lakini hilo ni kwa Peugeot na Datsun tu. Kwenye ubavu wa Land Rover sumaku hainasi hata kama gari ni zima kabisa.

Kuhusu injini, maneno si mengi. Iliyokwama huweza kufunguliwa, kutengenezwa au kubadilishwa, na mafundi wa jua kali wameifanya kazi hiyo kwa miongo mingi.

Karatasi ndizo zinazowaangusha hata wajuzi. Nambari iliyogongwa kwenye fremu sharti ilingane na ile iliyo katika logibuku, yaani hati ya usajili, ambayo sasa iko chini ya mamlaka ya usafiri ya NTSA, na ikiwa kutu imeifuta nambari hiyo, au injini ilibadilishwa bila kuandikishwa, mnunuzi hununua shauri pamoja na gari. Aliyesajiliwa akiwa amefariki, ridhaa ya mjane au ya mtoto mkubwa haitoshi, kwani mirathi lazima ipitie mahakamani kwanza ndipo umiliki uhamishwe.

Kwa mizani hiyo, Land Rover yenye fremu nzima na logibuku safi inastahili kununuliwa hata kama injini yake imekwama na kuku wametaga kwenye viti, ilhali saluni ya Peugeot 504 iliyotoboka kingo, hata ikiwaka kwa ufunguo wa kwanza, inafaa kununuliwa kwa bei ya spea tu. Anayekwenda Kakuyuni kukagua gari la aina hii na achukue nyundo ndogo, bisibisi na kipande cha mkeka, alale chini ya gari kwanza, na boneti aifungue mwisho.