Ua Lililokosa Jina la Wasomi

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za ua ambalo msomi mmoja aliona aibu kuliweka kitabuni, kwa sababu tu wasomi wa kale hawakuwa wameliandika.

Mwaka ni 1530. Mji ni Strasbourg, ambao leo uko Ufaransa, ila siku zile ulikuwa mji wa Wajerumani. Katika karakana ya mchapishaji Johannes Schott, mafundi wanachapa kitabu kikubwa cha mimea ya dawa, kwa Kilatini. Mwandishi wake ni Otto Brunfels, aliyekuwa mtawa, akauacha utawa, akafungua shule, na baadaye akawa tabibu. Mchoraji ni Hans Weiditz.

Kabla ya hapo, kwa mamia ya miaka, vitabu vya dawa vya Ulaya vilinakiliwa kwa mkono. Aliyenakili maneno alinakili na picha, na picha yenyewe ilikuwa imenakiliwa kwenye picha nyingine. Ni wachache waliotoka nje wakauangalia mmea. Kizazi baada ya kizazi jani likazidi kunyooka, ua likawa duara, na mwishowe kilichobaki ni pambo ambalo huwezi kulitumia kuutambua mmea wowote. Hebu fikirini tabibu anayetafuta dawa porini akiwa na picha kama hiyo! Mimea mingine inaua.

Na ukoo wa maua ninaousimulia leo una sumu kwelikweli. Wataalamu wanauita Ranunculaceae. Una spishi zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za nchi za baridi. Baadhi ya maua yake ni ya manjano yenye mng'ao, mengine ya buluu, meupe au ya zambarau. Ukivunja bua bichi la mimea mingi ya ukoo huu, utomvu wake unaweza kukutoa malengelenge. Lakini msiudhanie mgeni kabisa. Habasoda, zile mbegu nyeusi ambazo bibi huziweka kwenye chupa na kuzisifu kwa kila ugonjwa, zinatoka kwenye mmea wa ukoo huu huu.

Turudi Strasbourg. Katika majani ya huko hutoka ua moja dogo la zambarau karibu na Pasaka, basi na tuliite ua la Pasaka. Bua lake, majani yake, hata mgongo wa ua lenyewe, vyote vimefunikwa na vinyweleo laini vya rangi ya fedha. Katikati kuna stameni nyingi za manjano. Zile sehemu sita za zambarau ambazo ungeziita petali si petali. Ni sepali, yaani yale majani madogo yanayolifunika chipukizi la ua kabla halijafunguka. Kwa ua hili yamechukua rangi na kufanya kazi ya petali. Ua likishafifia, kila mbegu huota mkia mrefu wenye manyoya, upepo ukaichukua.

Wanavijiji walilijua ua hili na walikuwa na jina lao wenyewe la kuliita. Tatizo lilikuwa kwa wasomi. Brunfels, kama wenzake wa wakati ule, aliamini kwamba elimu ya mimea ilikwisha kuandikwa na Wagiriki wa kale, hasa Dioscorides aliyeishi katika karne ya kwanza. Kazi ya msomi ilikuwa kuuchukua kila mmea wa nyumbani kwake na kuutafutia jina katika vitabu hivyo. Ila Dioscorides alikuwa mtu wa nchi za Bahari ya Mediterania, na mingi ya mimea ya Ujerumani hakuiandika. Mimea isiyokuwamo Brunfels aliiita mimea iliyo uchi, akakusudia kuitupa mwisho wa kitabu.

Mambo hayakwenda alivyopanga. Wachoraji na wachongaji walichelewa, na mitambo ya kuchapa haikuweza kukaa bure ikisubiri. Picha ya ua la Pasaka ilikuwa tayari, basi ikaingia katikati ya mimea yenye majina makubwa. Brunfels akamwomba msomaji radhi kwa hilo. Leo maelezo yake mengi hayasomwi ila na wanahistoria, lakini picha ile bado inatazamwa na kusifiwa. Mimi nasema mchoraji alimshinda msomi, na alimshinda kwa haki.

Kwa nini nasema hivyo? Weiditz hakunakili picha ya mtu mwingine. Aliuweka mmea wenyewe mbele yake, mmea mmoja ule, akauchora kwa rangi za maji kuanzia mzizi hadi ua. Jani likiwa limenyauka, alilichora limenyauka. Bua likivunjika, alilichora limevunjika. Jani lililoliwa na mdudu alilionyesha na matundu yake.

Kisha mchoro ulihamishiwa kwenye ubao. Mchongaji alitoa mbao pande zote mbili za kila mstari, mpaka mistari peke yake ikabaki imeinuka, ipakwe wino na kukandamizwa kwenye karatasi, kama muhuri wa ofisini. Sasa kumbukeni vile vinyweleo vya ua la Pasaka. Kila kimoja kilikuwa uzi mwembamba wa mbao uliopaswa kubaki umesimama. Kisu kikiteleza kidogo tu, kinyweleo kimepotea na hakirudi. Nikiitazama picha ile huwa namkumbuka mchongaji kabla ya mtu mwingine yeyote.

Si kila mtu aliipenda njia ya Weiditz. Mwaka 1542, tabibu mwingine, Leonhart Fuchs, alitoa kitabu chake huko Basel. Yeye alitaka picha ya mmea uliokamilika, usio na jani bovu, ili iwakilishe spishi nzima badala ya mmea mmoja uliopatwa na ajali zake. Kwa sayansi, hoja hiyo ina nguvu, na wachoraji wa mimea wengi hadi leo huifuata. Tena Fuchs alifanya jambo la heshima: mwishoni mwa kitabu aliweka picha za wachoraji wake wawili na mchongaji wake, majina yao yakiwa yameandikwa.

Na michoro ya rangi ya Weiditz? Ilipotea machoni pa watu kwa karne nyingi. Tabibu wa Basel, Felix Platter, aliipata, akaikata na kuibandika kwenye mkusanyo wake wa mimea iliyokaushwa. Ilikuja kutambuliwa katika karne ya 20, mjini Bern, Uswisi. Ua la Pasaka la mwaka 1529 limo.

Ukoo huu upo kwetu pia, kwenye nyanda za juu. Kando ya vijito na penye majimaji huota Ranunculus multifidus, wenye maua madogo ya manjano yanayong'aa. Kwenye nyasi za milima ya Kenya kuna Delphinium macrocentrum, wenye maua ya buluu ya kijanikijani, na kila ua lina pembe nene iliyoelekea juu. Wataalamu walioandika vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania waliushughulikia ukoo huu mapema, mwaka 1952. Mfululizo mzima wa vitabu hivyo ulikamilika mwaka 2012.

Anayekaa sehemu hizo na autafute mmojawapo wa mimea hiyo. Usiung'oe. Kaa chini, hesabu sepali, hesabu petali, angalia vinyweleo viko wapi na havipo wapi, kisha chora ulichokiona, na jani lililoliwa na mdudu lichore na tundu lake. Andika tarehe na mahali. Ukimaliza, usitie vidole mdomoni wala machoni mpaka umenawa kwa sabuni.