Je, Wajua? Kikapu cha Juba Hakikuwa na Paa

Je, wajua kwamba Sudan Kusini ilipopeleka timu ya mpira wa kikapu kwenye Olimpiki ya Paris 2024, nchi nzima haikuwa na uwanja hata mmoja wa ndani? Vijana wa Juba walikuwa wakichezea viwanja vya wazi kama Nimra Talata, yaani "namba tatu" kwa Kiarabu. Mvua iliponyesha, sakafu iliteleza na mchezo ukaishia hapo.

Je, wajua kwamba njia ya vijana hao ilifunguliwa na Manute Bol, Mdinka wa mita 2.31? Ringi iko mita 3.05 kutoka chini. Alipojaribu kudanki kwa mara ya kwanza, alivunjika meno.

Je, wajua kwamba huko Marekani alianzia chuo kidogo tu? Msimu wa 1984/85 aliichezea Bridgeport ya Connecticut, timu ya daraja la pili. Mechi za timu hiyo zilizoea watazamaji 500 au 600; alipofika Manute, ukumbi wa watu 1,800 ukawa unajaa pomoni. Msimu uliofuata, akiwa Washington Bullets, alizuia mitupo 397. Hakuna mchezaji wa msimu wa kwanza NBA aliyewahi kuifikia rekodi hiyo.

Je, wajua kwamba Luol Deng, mzaliwa wa Wau, alifundishwa mchezo na Manute huyohuyo, akiwa mtoto mkimbizi nchini Misri? Deng naye alikuja kuwa nyota wa NBA. Mwaka 2019 akashika uongozi wa shirikisho la nchi yake, akawa analipia kambi za timu kwa fedha za mfukoni mwake.

Je, wajua kwamba fedha hizo hazikupotea? Mwaka 2021 timu ilicheza AfroBasket yake ya kwanza, mjini Kigali, ikafika robo fainali. Mwaka 2023, mjini Manila, iliichapa Angola 101-78 na kukata tiketi ya Paris. Julai 2024, mjini London, Marekani iliponea chupuchupu mbele ya timu hiyo, 101-100, kwa kikapu cha LeBron James zikiwa zimebaki sekunde nane.

Je, wajua kwamba kwenye Olimpiki hiyo ya Paris, kabla ya mechi na Puerto Rico, ulipigwa kimakosa wimbo wa Sudan? Wachezaji walisimama wakasubiri hadi wa kwao ukapigwa, kisha wakashinda 90-79. Manute hakuusikia wimbo huo. Alifariki Juni 2010, mwaka mmoja kabla ya nchi yake kuzaliwa.