Mashindano ya Motokaa za Dukani

Watu wengi wakisikia habari za mashindano ya motokaa hudhani kwamba ni mchezo wa matajiri, wenye magari ya kiti kimoja yazungukayo katika uwanja. Mashindano ya namna hiyo yapo, nayo yana wapenzi wake. Lakini iko namna nyingine, na hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tukaao Gitega, Muyinga na vilima vilivyo katikati. Ni mashindano ya motokaa za dukani, yaani zile zile anazouziwa mwalimu, mganga au mfanya biashara.

Katika makala hii nataka kueleza jinsi mashindano hayo yanavyoendeshwa, hila zinazoweza kuyaharibu, na faida anayoweza kuipata mtu ambaye hatashindana maisha yake yote.

Sheria iliyo kiini chake

Sheria kubwa ni moja: motokaa ishindane kama ilivyouzwa. Mtengenezaji hutoa karatasi yenye kueleza uzito wake, ukubwa wa injini, meno ya giaboksi, breki na mambo mengine mengi. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni vitu vya kuokoa maisha, kama mikanda ya nguvu, kizima moto, na vyuma vya ndani vya kuzuia paa lisibonyee motokaa ikipinduka.

Lakini je, mtengenezaji mwerevu akiunda motokaa tatu za ajabu na kusema kwamba nazo ni za dukani? Ili kumzuia, iliwekwa sheria ya idadi. Katika sheria za kimataifa zilizoanza kutumika mwaka 1966, motokaa ya Kundi la 1 ilipasa iwe imetengenezwa si chini ya 5,000 katika muda wa miezi 12. Mwaka 1982 kundi hilo lilifuatwa na Kundi N, nalo likaanza kwa idadi hiyo hiyo. Hekima yake ni wazi. Mtu anaweza kuunda motokaa tatu kwa ajili ya kikombe, lakini hawezi kuunda 5,000 bila kuwa na wanunuzi.

Sheria bila mkaguzi ni maneno matupu. Kwa hiyo wakaguzi huzitazama motokaa kabla ya kuondoka, na sehemu kubwa huweza kutiwa alama ili zisibadilishwe njiani. Mashindano yakiisha, motokaa iliyoshinda huweza kufunguliwa injini na kupimwa. Ikionekana tofauti na karatasi yake, ushindi hufutwa, hata kama dereva amekwisha kushangiliwa na mji mzima.

Mfano wa Afrika ya Mashariki

Mfano mkubwa kwetu ulianza mwaka 1953. Eric Cecil na wenziwe wa Nairobi walitunga mashindano ya kupita katika njia za kawaida za Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yaliitwa Coronation Safari, na tangu 1960 yakaitwa East African Safari.

Mwanzoni motokaa zilipangwa katika makundi kwa bei yake ya dukani. Mwenye motokaa ya bei ndogo alishindana na mwenziwe wa bei ndogo. Mtu aliyekuwa akihesabu akiba yake aliweza kusoma gazetini na kujua: kwa fedha nilizo nazo, ni ipi iliyofika?

Katika Safari hiyo ya kwanza hapakuwa na mshindi mmoja wa wote, ila motokaa iliyofanya makosa machache kupita zote ilikuwa Volkswagen ndogo ya Alan Dix na J. W. Larsen. Mwaka 1954 Volkswagen ikashinda waziwazi, ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, na ikashinda tena 1957 na 1962. Si ajabu. Injini yake hupozwa kwa hewa, basi hapana rejeta ya kupasuka wala maji ya kuchemka. Tena injini imekaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo uzito wake huyasaidia kushika tope.

Halafu ikaja zamu ya Peugeot 404, iliyoshinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Safari ilifanywa siku za Pasaka, wakati wa masika, na kufika tu kulikuwa sifa. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikamaliza 7. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikamaliza 7 tena. Katika miaka yote miwili iliyotangulia mbele ilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff.

Wala haikuwa lazima motokaa iwe mpya. Joginder Singh, fundi wa motokaa aliyezaliwa Kericho, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano na wengine. Yeye alijua kuitunza. Joginder alishinda tena 1974 na 1976.

Jinsi ya kuhesabu

Tuchukue njia yetu ya Gitega kwenda Muyinga kupitia Karuzi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba imefungwa kwa ajili ya mashindano na kwamba kila dereva amepewa dakika 100. Dereva wa kwanza anaondoka Gitega saa 2.00 asubuhi, kwa hiyo anatakiwa Muyinga saa 3.40. Akifika saa 3.52 amechelewa dakika 12, naye anaandikiwa pointi 12 za adhabu. Mshindi ni yule mwenye adhabu chache baada ya vituo vyote.

Sasa tazama. Motokaa kubwa ya mwenziwe inapanda vilima kwa mbio, lakini inapasua tairi mbili na kuvunja springi moja. Kila tairi inamla dakika 6, na springi dakika 40. Amepoteza dakika 52. Hata kama mbio zake zilimwokolea dakika 20, bado amechelewa dakika 32. Yule wa motokaa ndogo, asiyevunja kitu, amemshinda kwa pointi 20. Hesabu hii yaonyesha kwamba mashindano ya njia ndefu hupima zaidi ya mbio: hupima uvumilivu wa chuma, akili ya dereva, na uhodari wa msaidizi wake asomaye njia na saa.

Kwa nini msimu mzima?

Shindano moja laweza kuamuliwa na bahati. Mwaka 1962 Pat Moss wa Uingereza alikuwa akiongoza Safari katika Saab, kisha mnyama akaingia njiani. Alimgonga, akamaliza wa tatu. Je, Saab yake ilikuwa mbaya? Hasha.

Ndiyo sababu nchi nyingi hupanga msimu, yaani mashindano kadhaa katika mwaka mmoja, pointi za kila moja zikijumlishwa. Ubingwa wa rali wa Afrika ulianza namna hiyo mwaka 1981, na jirani zetu wa Rwanda wamekuwa miongoni mwa wenyeji wake. Australia nayo ilianzisha mwaka 1987 ubingwa wa taifa wa motokaa za dukani. Anayeshinda mara moja na kuharibikiwa mara nne huweza kupitwa na yule aliyekuwa wa pili mara tano. Bahati haikai na mtu mmoja msimu mzima, lakini breki mbovu hukaa.

Hila mbili

Hila ya kwanza ni kulegeza sheria huku jina likibaki lile lile. Katika miaka ya 1982 hadi 1986 lilikuwapo Kundi B, lililotaka motokaa 200 tu. Toyota Celica zilizoshinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986 zilikuwa za kundi hilo. Jina lililoandikwa juu yake ni jina analolijua kila mtu sokoni Muyinga, lakini aliyenunua Toyota ya kawaida hakununua motokaa ile. Kundi hilo likafutwa mwishoni mwa 1986 baada ya vifo vya madereva na watazamaji katika Ulaya. Safari yenyewe ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, na tangu 2022 motokaa zake za mbele zimejengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma. Ni mashindano mazuri kutazama, ila si mizani ya mnunuzi.

Hila ya pili ni kinyume chake, nayo ilionekana Australia. Tarehe 20 Novemba 1960 ilifanywa katika Phillip Island mbio ya maili 500, kwa motokaa za dukani zilizotengenezwa au kuunganishwa nchini humo. Mwaka 1962 barabara ya pale ilivunjika-vunjika, na mwaka 1963 mbio ikahamia Bathurst, ambako motokaa zilipangwa kwa bei kama katika Safari ya kwanza.

Kwa kuwa sheria ilikataza kubadilisha motokaa, viwanda vilifanya ujanja mwingine: vilianza kuwauzia watu motokaa za mbio. Nguvu zikazidi kila mwaka, na mtu ye yote mwenye fedha na leseni aliweza kuendesha barabarani chombo kilichokusudiwa kwa uwanja. Mwaka 1972 magazeti na serikali vilipiga kelele, na viwanda vya Ford, Holden na Chrysler vikaacha mipango ya motokaa zao mpya za nguvu. Mwaka 1973 sheria ya mbio ile ikabadilishwa, mageuzi yakaruhusiwa, na kamba iliyofunga uwanja na duka ikalegezwa.

Basi ugumu ni huo. Ukiilegeza kamba, duka halijifunzi cho chote kutoka uwanjani. Ukiikaza bila busara, uwanja huhamia barabarani kwenye watoto. Waliotunga Safari ya 1953 walipata njia ya katikati kwa kupima ustahimilivu katika njia mbaya na si mbio tupu. Njia mbaya humlazimisha mtengenezaji kuongeza nguvu za springi, na springi imara haimdhuru mtu.

Faida kwetu

Wengi wetu hatutanunua motokaa mpya. Katika Burundi nyingi ni zilizokwisha kutumika ng'ambo, na nyingine huja kutoka bandari ya Dar es Salaam na kuingia Kobero, si mbali na Muyinga, pale dereva anapoacha kwenda upande wa kushoto na kushika wa kulia. Mara nyingi jamaa nzima wamechanga fedha za miaka ili motokaa moja ichukue abiria, na ikifa katika mwaka wa kwanza, karo za shule hufa pamoja nayo. Hata hivyo watu huchagua kwa rangi, kwa jina, au kwa maneno ya muuzaji.

Ukisikia kwamba motokaa fulani ni bingwa, uliza maswali matatu. Ilishinda katika kundi gani? Ilikuwa kama ile ya dukani, au ina jina lake tu? Na ilipimwa kwa nini: kwa mbio za uwanja, au kwa mashimo na tope kama yetu? Kisha uliza la nne, ambalo Joginder angeliuliza: nani ataitunza, na spea zake zapatikana wapi?

Neno la mwisho ni kwa vijana wenzangu wanaopenda mwendo. Hesabu ya dakika 100 niliyoitoa ni ya njia iliyofungwa. Njia yetu ya kila siku ina wazee waendao sokoni, watoto watokao shule, na baiskeli zilizopakiwa ndizi zikiteremka bila breki za kutumainiwa. Anayewapita hao kwa kasi hapati pointi, wala hapana mkaguzi awezaye kuufuta msiba wake. Mwenye hamu ya mashindano na aanze kwa kujifunza kufungua injini na kuifunga tena bila kubakiza parafujo mkononi.