Pumziko Baada ya Safari: Treni ya Watalii na Kamioni Yetu



Mwezi wa saba mwaka 2019, treni moja isiyo ya kawaida ilipita juu ya reli yetu. Ilitoka Dar es Salaam kwenye bahari ya Hindi, ikavuka Zambia, ikaingia Congo kwa njia ya Sakania. Ikafika Lubumbashi, ikapita Likasi, Tenke na Kolwezi, ikapita hapa kwetu Mutshatsha, kisha Kasaji na Dilolo, ikavuka Angola nzima mpaka Lobito kwenye bahari ya Atlantiki. Ilikuwa treni ya Rovos Rail, kampuni ya Afrika ya Kusini iliyoanza mwaka 1989, inayotembeza watalii wenye mali. Safari ilichukua siku 15, na kila abiria alilipa maelfu ya dola.

Juma lililopita, katika mkutano wetu, tulizungumza tena juu ya treni ile. Dada mmoja kijana akauliza: «Mtu analala kitandani ndani ya treni, anaoga maji ya moto, anapikiwa na kupakuliwa. Huyo anachoka nini?» Tulicheka wote. Lakini mama mmoja mzee akajibu: «Mwili haujui bei ya tiketi.» Tukanyamaza, kwa sababu ni kweli. Tajiri akikaa siku nzima bila kusimama, miguu yake inavimba kama yetu. Akikunywa maji machafu, anahara kama sisi. Mbu akimuuma, anapata malaria kama mtoto wa hapa.

Tofauti iko mahali pamoja. Yeye amelipa pumziko lake mbele ya safari. Sisi tunarudi usiku, na asubuhi tunashika mutwango.

Wenye mali wanafanya nini?

Tuliangalia namna safari zile zinavyopangwa, tukaona kuna akili ndani yake. Ndani ya treni ile hakuna televisheni wala redio, ili msafiri atulie na alale. Treni haikimbii. Njiani inasimama, watu wanashuka, wanatembea kwa miguu, wanatazama mji au wanyama, kisha wanapanda tena. Hawakai siku 15 mfululizo juu ya kiti.

Tazameni vilevile wale wanaopanda mlima Kilimanjaro kule Tanzania. Mlima ule una urefu wa metre 5895. Wenye kuongoza wageni wanawaambia neno moja tangu asubuhi mpaka jioni: pole pole. Anayepanda kwa siku nyingi anafika juu kwa urahisi kuliko anayekimbia, kwa sababu mwili wake unapata muda wa kuzoea hewa nyepesi. Tena kuna kanuni kwamba mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20 za mizigo ya wageni. Kilo 20! Gunia moja la makala linalobebwa na mama wa hapa linapita kipimo hicho mbali.

Kwa hiyo mambo wanayolipia ni haya: kwenda pole pole, kusimama njiani, maji safi, chakula kizuri, usingizi, na siku za kupumzika baada ya kazi ngumu. Katika hayo, mengi hayahitaji dola. Yanahitaji watu wa kukusaidia, na ruhusa ya kupumzika.

Mguu wa mwenzetu

Tunawaeleza jambo lililotupata wenyewe, na mwenzetu ametukubalia tuliseme bila jina lake.

Alikuwa amejifungua, mtoto ana majuma matatu. Habari ya kilio ikamfikia kutoka upande wa Kasaji, akaenda na mtoto mgongoni. Wakati wa kurudi alipanda kamioni, akakaa juu ya mizigo tangu asubuhi mpaka usiku, miguu imekunjwa katikati ya magunia. Hakunywa maji, kwa sababu aliogopa kuomba dereva asimamishe gari mbele ya wanaume.

Siku ya pili mguu wa kushoto ulivimba, mmoja tu. Ulikuwa na moto, na nyama ya nyuma chini ya goti ilimuuma. Sisi tulifanya kama mama zetu walivyotufundisha: tukachemsha maji, tukatafuta mafuta ya mawese, tukakaa tayari kumkanda kwa nguvu. Jirani mmoja, mama munganga, alipita kuuona ule uzazi mpya. Alipouona mguu akasema: «Musiushike. Musiukande hata kidogo. Tutoke sasa.»

Hospitali walimpima kwa ekografi, wakaona damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu. Donge la namna hiyo likikatika, linaweza kwenda na damu mpaka kwenye mapafu na kumuua mtu kwa dakika chache. Kukanda kunaweza kulisukuma. Alipewa dawa za kuzuia damu isizidi kuganda, na leo yuko mzima, mtoto wake anatembea. Lakini mikono yetu ilikuwa tayari ndani ya maji ya moto. Jambo hilo hatulisahau.

Munganga alitueleza kwamba damu inapenda kutembea. Mtu akikaa saa 4 au zaidi bila kusogea, ndani ya ndege, treni, basi au juu ya kamioni, hatari ya damu kuganda inaongezeka karibu mara mbili. Kwa watu wengi bado ni hatari ndogo. Lakini inazidi kwa mama mwenye mimba, kwa mama aliyejifungua karibuni, hasa majuma 6 ya kwanza, kwa aliyepasuliwa karibuni, kwa mwenye uzito mkubwa, na kwa wanaotumia aina fulani za vidonge vya kupanga uzazi. Ndiyo maana watalii wanaambiwa wasimame na kutembea. Na wengi wa wale waliotajwa ni sisi.

Mbele ya kuondoka na njiani

Mama mwenye mimba kubwa, au aliyejifungua karibuni, aongee kwanza na mkunga. Kama safari inaweza kungoja, ingoje. Kama ni kilio na haiwezi kungoja, achukue kadi yake ya kliniki na asiende peke yake.

Mengine ni ya wote:

Kunywa maji. Wengi wetu tunakaa na kiu siku nzima ili tusiombe kushuka. Kukosa maji kunaleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kukauka choo. Kuzuia mkojo saa nyingi kunaweza kuleta ugonjwa wa njia ya mkojo. Tusafiri wawili wawili: mmoja akishuka, mwenzake anashika kikwembe kama pazia. Na tumwambie dereva mapema, mbele ya kulipa, kwamba wamama watashuka njiani. Dereva aliyekubali mbele ya watu hasumbuki sana baadaye.

Tembeza miguu. Kila saa moja au mbili, gari likisimama, shuka utembee kidogo. Kama huwezi kushuka, nyoosha vidole vya miguu mbele, kisha vivute nyuma, mara 20. Zungusha kifundo cha mguu. Usikae umekunja magoti kwa muda mrefu, wala usikubali gunia likulalie mapajani.

Chukua maji yako yaliyochemshwa, na paketi za chumvi ya kuhara kama umezipata. Kama huna paketi, tengeneza mwenyewe: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawa, visijae mlima. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto, kwa hiyo pimeni vizuri, na yakipita siku moja mwageni mtengeneze mengine.

Na chandarua kisibaki nyumbani. Mbu wa njiani anauma kama wa hapa.

Ukirudi nyumbani

Siku ya kurudi, oga, kunywa maji polepole, kula. Lala chali, weka miguu juu ya mto au juu ya kikwembe kilichokunjwa, iwe juu kidogo kuliko moyo. Miguu yote miwili ikiwa imevimba kidogo bila maumivu, mara nyingi inarudi yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Kama una mimba, na uso au mikono nayo imevimba, au kichwa kinauma sana, au macho hayaoni vizuri, hiyo ni habari nyingine: nenda kwa munganga siku ileile.

Kama ulitembea sana au ulibeba mzigo, maumivu ya nyama za mwili huwa yanakuja kesho yake, na siku ya pili yanaweza kuzidi. Usiogope. Tembea kidogo kidogo kuzunguka nyumba, kwa sababu kulala tu kunafanya mwili ukaze. Maji ya uvuguvugu yanasaidia, na kukandwa polepole kunafurahisha, ikiwa tu hakuna mguu mmoja uliovimba wenye moto.

Chakula cha kuurudisha mwili tunacho. Bukari peke yake inaleta nguvu, lakini nyama ya mwili iliyochoka inatengenezwa na maharagwe, samaki, mayai, karanga. Sombe iliyopikwa na karanga inapita vyakula vingi vinavyokuja ndani ya makopo. Munkoyo safi wa siku hiyo ni mzuri, lakini usichukue nafasi ya maji.

Na usingizi. Mama aliyelala saa mbili tu juu ya kamioni, kumpa mutwango asubuhi yake ni kumuumiza.

Musingoje haya

Nenda hospitali au kituo cha afya siku ileile ukiona: mguu mmoja umevimba, una moto au unauma, pumzi inakuwa fupi ghafula, kifua kinauma au unakohoa damu, homa, hata kama ni juma moja au majuma kadhaa baada ya safari, kuhara kwa maji mengi, au kwa damu, mtoto anayekataa kunyonya au aliyelegea. Homa ipimwe kwanza. Usimeze vidonge vilivyobaki vya jirani, kwa sababu malaria inataka dawa yake kamili, siku zote zilizoandikwa.

Mwambie munganga: «Nilisafiri, nilikaa hivi, nilirudi siku fulani.» Neno hilo fupi linamsaidia kujua cha kutafuta.

Likelemba ya pumziko

Wamama, likelemba tunaijua. Kila mmoja anatoa kidogo, na kwa zamu yake anapokea kikubwa. Ndivyo tulivyonunua masufuria, ndivyo wengine walivyolipa masomo ya watoto. Baada ya mguu wa mwenzetu, tulijiuliza: kwa nini tusifanye likelemba ya pumziko?

Tulianza mamama saba wa mtaa mmoja. Mapatano ni rahisi. Mmoja wetu akirudi kutoka safari ya siku nzima au zaidi, kwa siku mbili hatwangi, hachoti maji, habebi mzigo. Mmoja anamletea bukari na mboga jioni. Mwingine anachota maji pamoja na ya kwake. Mwingine anashika mtoto ili mama alale. Siku ya tatu anarudi kazini, na zamu inamgoja mwenzake. Hatukutoa franga hata moja.

Hatufichi kwamba kulikuwa na maneno. Bibi mmoja alisema tunawafundisha wake uvivu. Bwana mmoja aliuliza kama mke wake amekuwa mtalii. Tulimjibu kwa heshima: «Baba, wewe ukitoka shimoni unapewa maji ya kuoga na unalala. Na yeye ametoka njiani.» Hakujibu. Lakini mke wake aliporudi kutoka Kolwezi mwezi uliofuata, ndoo ya maji ilikuwa mlangoni, na ni yeye mwenyewe aliyeichota.

Sasa kuna vikundi viwili vingine vilivyouliza namna ya kuanza. Tunawaomba mamama wa kila mtaa wazungumze jambo hili katika mkutano wa juma hili, na wajibu maswali matatu: Ni nani kati yetu anayesafiri mara nyingi? Ni nani ana mimba au mtoto mchanga? Mwenzetu akirudi usiku wa leo, ni nani ataamka kumchotea maji?

Majibu yaandikwe, myalete siku ya mkutano mkubwa. Habari ya mguu mmoja uliovimba mwambieni kila mama, hata yule asiyejua kusoma, na mwambieni kwanza anayejua kukanda.

Tunawatakia njia njema, na marudio mema.