Kabla Hujapiga Namba ya Ng'ambo

Mnunuzi wa nyanya kutoka Nairobi anafika Ngarenanyuki, anapatana bei na mkulima, kisha anamwachia namba inayoanza na 0712. Mkulima anaihifadhi kama alivyoandikiwa. Wiki inayofuata anapiga, simu inaita vizuri kabisa, halafu anapokea mtu asiyejua lolote kuhusu nyanya. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Kenya na Tanzania zote zina namba za mkononi zinazoanza na 07, zote za tarakimu kumi, kwa hiyo namba ya Mkenya ikipigwa kutoka Arusha bila msimbo wa nchi huweza kuwa namba halali ya Mtanzania. Simu iliyopotea njia ni hasara ndogo. Pesa iliyotumwa kwa namba hiyo hiyo ni balaa, kwa sababu inatua kwenye laini ya mtu wa hapa hapa nchini, naye hana sababu ya kukufahamu.

Dawa yake ni kuhifadhi namba ya nje kwa alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi: +254 kwa Kenya, +256 kwa Uganda, +250 kwa Rwanda. Ile sifuri ya mwanzo huondolewa, maana kazi yake ni kuuambia mtandao kwamba simu inabaki ndani ya nchi. 0712 ya Nairobi inakuwa +254 712. Mwongoza watalii aliyeandikiwa na mgeni wa Uingereza 07 na tarakimu nyingine tisa afanye vivyo hivyo kwa +44. Wapo wanaokwenda kinyume: Italia huibakiza sifuri kwenye simu za mezani, kwa hiyo anayetafuta ofisi ya shirika la masista Roma atapiga +39 06, wala asiifute hiyo sifuri.

Alama ya kujumlisha, unayoipata kwenye simu nyingi kwa kubonyeza sifuri bila kuachia, inasimama mahali pa namba ya kutokea nchini. Ya Tanzania ni 000, ya Marekani ni 011, na nchi nyingi za Ulaya hutumia 00. Ndiyo maana kadi ya kampuni ya utalii isiandike 000 wala 00, iandike +255 na kuendelea; simu ya mgeni itajua yenyewe itokee mlango upi. Simu ya mezani ya Arusha yenye 027 huandikwa +255 27. Ukikuta kipeperushi cha zamani chenye 057, huo ulikuwa msimbo wa Arusha kabla namba hazijapangwa upya, na leo haukufikishi popote. Wazee wa simu za mezani watakumbuka pia 005 ya kuitia Kenya na 006 ya Uganda, njia za mkato za majirani.

Ujirani huo, kwa bei, haujatufaidisha sana. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa Arusha, lakini mpango wa kushusha gharama za simu kati ya nchi na nchi ulipoanza mwaka 2014 na 2015, waliotangulia ni Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Tanzania haikuwamo. Naona ni aibu kidogo. Basi usidhani dakika za kifurushi chako cha kawaida zinavuka Namanga. Uliza bei ya dakika moja kwanza. Na ukifika Longido kuelekea mpakani, zima data ya ng'ambo kwenye simu, kwani mnara wa upande wa pili unaweza kuidaka laini yako bila wewe kuvuka.

Sasa hatari yenyewe. Sisi tumezoea kubipu. Simu ikiita mara moja ikakatika, mtu mwungwana hurudisha, akiamini mwenzake ameishiwa salio. Kuna wezi wanaoishi kwa uungwana huo. Mashine yao hupiga maelfu ya namba, kila moja mlio mmoja tu. Wewe ukirudisha, unapiga nchi ambayo dakika yake ni ghali, na sehemu ya malipo hayo hugawanywa hadi kumfikia aliyekodi namba ile. Kazi yao ni kukuchelewesha hewani: muziki, mlio wa kuita wa kubuni, mtu anayesema subiri kidogo. Angalia tarakimu za mwanzo kabla ya kurudisha. +252 ni Somalia na +257 ni Burundi, na kwa macho ya usingizi zote mbili hufanana na 255. +1 nayo si Marekani na Kanada peke yake. +1 876 ni Jamaika na +1 473 ni Grenada. Namba ya +881 ni ya simu ya setilaiti, ghali sana kuipigia, ingawa inaweza kuwa ya mpandaji halali aliye mlimani. Kama hakuna unayemtarajia kutoka huko, iache. Mwenye shida ya kweli atapiga tena au atatuma ujumbe.

Kuna na kinyume chake: mtoto wako yuko Minnesota, anakupigia, lakini kioo kinaonyesha namba ya Tanzania usiyoijua. Mara nyingi simu hiyo imepitishwa kwenye intaneti hadi kisanduku kilichojaa laini za hapa, kinachoigeuza iwe simu ya ndani ili kukwepa malipo ya simu za kimataifa. Ni kosa la jinai, na kesi za namna hii zimefika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Kwako wewe maana yake ni kwamba namba inayoonekana haithibitishi anayepiga ni nani. Akitokea mtu kusema ni mwanao, amekamatwa uwanja wa ndege na anahitaji pesa sasa hivi, kata, kisha piga ile +1 uliyoihifadhi mwenyewe. Kumbuka saa tu: Minnesota iko nyuma yetu saa tisa wakati wao wa baridi na saa nane wakati wa joto.

Visanduku hivyo vinahitaji laini nyingi, na kila laini lazima isajiliwe kwa kitambulisho cha mtu fulani. Bonyeza *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika uombe ifutwe, na namba za matapeli zitume kwenda 15040.