Mguu mmoja ukivimba, usichue!

Ebwana, Kasanda hadi Dar kwa basi ni zaidi ya kilometa 1,000. Shangazi yangu alishuka kigimbi kimoja kimevimba, cha moto. Majirani tayari wameshika mawese wamchue. Nikagoma! Damu ikiganda mshipani, kuchua kunaweza kung'oa donge likaenda mapafuni. Hapo ni roho, si mchezo.

Altrasaundi ikaonyesha kweli lipo, dogo, chini ya goti. Donge la namna hiyo, kama dalili si kali, daktari anaweza kulichunga tu: picha nyingine baada ya wiki 1, na tena wiki ya 2. Watu wengi hukacha hiyo ya pili, mguu ukishapoa. Ya shangazi ndiyo iliyoonyesha donge limepanda, akaanzishiwa wofarini, miezi 3.

Wofarini nayo ina masharti. Unapimwa damu, INR ibaki kati ya 2 na 3. Kisamvu ruksa, ila kiasi kisibadilike-badilike.

Pumzi ikibana ghafla, kifua kikichoma au ukikohoa damu, usingoje tarehe ya kliniki, msomaji wangu. Hospitali mbio!